Yetu na Yao

Saa nne usiku, Kijitonyama, ghorofa ya tatu.
Umeme umerudi, feni imegoma.
Nimebaki na tawi lako, Anyelwisye,
uliloliacha Ijumaa ukaenda Tukuyu kuzika.
Siku kumi na moja hujaligusa.
Siku kumi na moja sijaacha kuongeza mistari kwenye shina.
Kesho asubuhi watu wa maji wanataka ankara zao,
kwa hiyo usiku huu lazima tuwe kitu kimoja.

Mpangilio niliuandika, nakumbuka,
ndani ya lile faili linaloanza na nukta:
pakitokea mgongano nionyeshe na asili,
mstari ulivyokuwa kabla yetu sote wawili;
na folda ikihama, vyake viifuate.
Nikalala usingizi wa mtu aliyeacha maagizo.

Mama mdogo Mwanahija anauza vitenge Kariakoo.
Hubandika kikaratasi kwa pini:
mkono robo tatu, usikate ua katikati.
Fundi wa kwanza husoma.
Wa pili, mkasi uleule, uzi uleule,
hukivua taratibu, akakiweka chini ya glasi ya chai,
akakata kwa jicho.
Hajakudanganya.
Hukumuuliza kama anasoma.

Na humu ndani ya mashine, nyuma ya amri moja,
wapo mafundi wawili.
Mmoja hulaza vitambaa vitatu mezani,
changu, chako, na cha zamani tulichotokea,
ndipo anyanyue mkasi.
Mwingine ni wa viraka:
hutazama mistari mitatu juu, mitatu chini,
palipofanana anashona.
Hajui nyumba. Anajua sura ya mlango.

Mimi folda ya *wateja* niliiita *walipaji*.
Wewe, bila kujua, ukaweka faili jipya mlemle *wateja*:
misamaha. Zahanati. Kituo cha yatima.
Bibi wa Manzese asiye na mita.

Fundi alimaliza kwa sekunde mbili.
Hakuna mgongano, hakuna hata onyo.
Faili lako likakaa peke yake kwenye nyumba iliyohamwa,
kama barua ya mtaa uliobadilishwa jina:
kibao kipya kinang'aa kwenye nguzo
na mwenye bodaboda bado anauliza, kwa Mpemba ni wapi?
Nikajaribu ankara.
Bibi wa Manzese alidaiwa elfu arobaini na mbili.

Nikatafuta mchawi saa nzima.
Mchawi ni mimi.
Nilitaka usafi: nafasi tupu mwishoni mwa mistari yako
zipanguswe, nikaongeza kibendera kidogo kwenye amri,
na kupangusa huko anakujua wa viraka peke yake.
Nilipomwita yeye, msomaji akaenda zake.

Nikafuta. Nikaanza upya bila kibendera.
*Misamaha* ikahamia *walipaji*, kimya, kama mtu wa pale pale.
Halafu mgongano ukaja, nikafurahi kuuona:

yetu, siku saba
asili, siku kumi na nne
yao, siku thelathini

muda wa kulipa kabla maji hayajakatwa.
Nikababaika. Nimekaa kwenye tawi lako:
ningeunganisha tu, *yetu* ingekuwa yako.
Lakini nalipandikiza juu ya shina,
na neno limebadilisha kiti.
*Yetu* ni mimi. Wewe ndiye *yao*.

Pasingekuwa na ule mstari wa kati
ningedhani unanibishia.
Kumbe sote tulikuwa tunaikimbia kumi na nne,
mimi nikielekea benki, wewe ukielekea msibani.

Nimeacha thelathini.
Kwenye ujumbe nimeandika: *saba ilikuwa yangu, nimeiondoa.*
Ukirudi tutagombana, kama bado una nguvu.
Na kikaratasi tutakiandika upya,
safari hii tuanze na jina la fundi.